Mtihani wa Ng'ang'a

Hakuna mahali pazuri pa kujaribia programu ya hifadhidata kuliko barabara ya Thika. Ukianzia Ruiru, ukapita Juja, ukaingia Thika mjini, umepita katikati ya watu wanaoitwa Ng'ang'a, Kang'ethe, Wang'ombe na Ng'endo. Shule ya Mang'u umeiacha kando ya njia, na ukisonga mbele kidogo baada ya mji, uko Murang'a. Majina yote hayo yana ritifaa ndani yake, na ritifaa imeangusha programu nyingi kuliko virusi.

Sababu ni hii. Lugha ya SQL, ambayo ndiyo tunayoulizia hifadhidata nyingi, hutambua maneno ya kawaida kwa kuyafungia kati ya alama mbili ndogo, na alama hiyo kwenye kibodi ni ileile ritifaa. Mwanaprogramu akitaka kumtafuta Wanjiru, huandika kipande cha swali, akafungua alama, akabandika jina lililoandikwa na karani, akafunga. Kwa Wanjiru kazi inakwenda. Kwa Ng'ang'a, hifadhidata inaona jina limeanza na kuishia kwenye Ng, kisha inakutana na herufi ang zisizokuwa na maana yoyote, kisha alama nyingine, na mwisho inalikataa swali zima. Kwenye skrini ya karani panatokea sentensi ndefu ya Kiingereza. Anamgeukia mwenye jina na kumwambia, "Mzee, kwa sistimu haupo."

Makarani wana dawa yao: wanaiacha ritifaa. Basi mtu mmoja anaitwa Ng'ang'a kwenye kitambulisho na Nganga kwenye kitabu cha Sacco. Kwenye orodha iliyotoka kwa Microsoft Word yuko kwa ritifaa iliyopinda, ambayo mashine huihesabu kuwa herufi nyingine kabisa. Hiyo iliyopinda haiangushi swali, lakini pia haimpati mtu. Siku ya kulinganisha orodha ya wanachama na orodha ya malipo, watatu hao wanahesabiwa kuwa watu watatu.

Ninaanza na jambo hili dogo kwa sababu linatuingiza katika swali ambalo wanafunzi wa programu huuliza wakilenga kwingine. Huuliza: kati ya objekti zote zinazoweza kuifikia hifadhidata, nitumie ipi? Husubiri jina la bidhaa. Jibu langu huanza kwa kuwauliza wao: objekti yako inalibebaje jina la Ng'ang'a?

Kuna namna mbili tu. Ya kwanza ni kubandika, kama nilivyoeleza: swali na jina vinaunganishwa kuwa sentensi moja kabla hifadhidata haijaona chochote. Ya pili ni kigezo. Mwanaprogramu anaandika swali na kuacha nafasi tupu mahali pa jina. Hifadhidata inalisoma swali, inalielewa na kulipangia njia. Jina linapelekwa peke yake, na likifika linachukuliwa kuwa jina tu, hata likiwa na ritifaa kumi. Katika DAO ya Microsoft kazi hiyo hufanywa na QueryDef. Katika ADO ni Command. Katika Java ni PreparedStatement. Django na Laravel, wanazozipenda vijana wa siku hizi, hufanya hivyo bila kukuuliza, alimradi huendi nyuma yao kubandika maneno kwa mkono.

Anayebandika ameacha mlango wazi kwa jambo baya zaidi. Kama jina lenye ritifaa linaweza kulivunja swali kwa bahati mbaya, mtu mwenye nia anaweza kulivunja kwa makusudi, akaandika kwenye kisanduku cha jina kipande cha SQL kinachoiambia hifadhidata imwonyeshe kila rekodi. Hila hii inajulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na bado inafanya kazi. Tangu Kenya ipate Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, mwenye rekodi za watu ana wajibu wa kisheria wa kuzilinda, na sidhani kuna jaji atakayeridhika ukimwambia kwamba kubandika ni rahisi kuandika.

Tukishavuka hapo, uchaguzi unakuwa mgumu, na kwa wengi wetu ugumu ulianzia kwenye Microsoft Access. Access ilitoka mwaka 1992 na ikaingia kila chuo kilichofundisha kompyuta kwa vyeti vya "packages". Katika shule za sekondari, mradi wa Computer Studies wa KCSE kwa miaka mingi umewataka wanafunzi watengeneze mfumo wa rekodi, na wengi wameutengeneza kwa Access. Vijana wengi wanaofika JKUAT pale Juja, Mount Kenya pale Thika au Zetech pale Ruiru walikutana na jedwali la kwanza maishani mwao humo.

Ndani ya Access kulikuwa na maktaba mbili za kuifikia data. DAO ndiyo ya zamani, iliyoundwa kwa ajili ya Jet, injini ya Access yenyewe. Mwaka 1996 ikaja ADO, iliyokusudiwa kuzungumza na hifadhidata yoyote, iwe karibu au mbali. Access 2000 ilipotoka, Microsoft waliifanya ADO kuwa ya kwanza na kuiondoa DAO kwenye mipangilio ya kawaida. Vitabu vikaandikwa upya, na walimu wakayaambia madarasa kwamba DAO imekufa. Access 2003 ikairudisha. Access 2007 ikaja na injini mpya na DAO yake mpya, na ADO ndiyo ikawa ya kuongezwa kwa mkono. Aliyeihama DAO kwa sababu ya tangazo, akarudi kwa sababu ya tangazo, alisafiri bure.

Kipindi hicho cha maktaba mbili kilizaa makosa ambayo hayakuwa na maelezo kwa mtu aliyekuwa akijifunza peke yake. Zote mbili zina objekti iitwayo Recordset. Ukitangaza Recordset bila kusema ya nani, Access huchukua ile ya maktaba iliyo juu kwenye orodha. Programu iliyokuwa sawa kwenye kompyuta ya mwalimu inafika kwenye ya mwanafunzi, ambako orodha imepangwa vingine, inatoa kosa namba 13 na kusimama. Kosa hilo husema aina hazilingani, jambo la kweli ambalo halimsaidii mtu. Dawa ni neno moja: andika DAO.Recordset au ADODB.Recordset, uweke wazi unayemtaka.

Lingine lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikutoa kosa lolote. Kumtafuta kila mtu ambaye jina lake linaanza na Wanj, DAO inataka kinyota baada ya herufi hizo, ADO inataka alama ya asilimia. Swali ni lilelile, jedwali ni lilelile. Ukipitisha kinyota kwa ADO, hifadhidata inamtafuta mtu ambaye jina lake limeandikwa kwa kinyota. Hayupo. Jibu linarudi tupu, kwa adabu, na mwanafunzi anakwenda kuhakikisha kama kweli aliingiza akina Wanjiku.

Kwa hiyo ipi? Kama data iko kwenye faili la Access lililo kwenye kompyuta yenyewe, au kwenye folda ya ofisi, DAO ndiyo lugha ya mama ya injini hiyo, na ADO hupitia mkalimani. Kama data imehamia SQL Server, ADO ina haki ya kusikilizwa. Cha muhimu ni mahali data inapokaa, na umri wa maktaba hauna neno katika hilo. Tena usisahau kwamba Jet haina seva: injini inafanya kazi ndani ya kompyuta ya kila karani, na wote wanalivuta faili moja kupitia waya. Faili hilo haliruhusiwi kuzidi gigabaiti 2. Umeme ukipotea karani mmoja akiwa katikati ya kuandika, asubuhi yake hutumika kulikarabati. Objekti nzuri haiponyi hilo.

Hata ndani ya DAO peke yake kuna uchaguzi ambao wengi hawaufanyi. Recordset ya aina ya jedwali inaruka moja kwa moja kwenye rekodi kwa kutumia faharasa, lakini kwa jedwali la humo humo tu. Dynaset huleta kwanza funguo za rekodi, kisha huichukua rekodi yenyewe unapoifikia, nawe unaweza kuibadilisha. Snapshot hunakili majibu yote, na huwezi kugusa kitu. Ile ya kwenda mbele tu haikubali urudi nyuma, na kwa kuchapisha orodha haina mpinzani. Usipochagua, Access inakuchagulia, na mara nyingi inakupa ile yenye uwezo wa kubadilisha data hata kama ulitaka kusoma tu.

Mfano wa Access nchini Kenya ninaoupenda kuliko yote umetoka mbali na Thika, kule Mosoriot, karibu na Eldoret. Mwezi Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Hifadhidata ilikuwa Access. Daktari alijaza fomu ya karatasi, karani akaingiza. Katika miezi sita ziliingia ziara 10,000 za wagonjwa 6,190, na waliopima walikuta muda wa mgonjwa kituoni umepungua kwa asilimia 22. Watu hupenda kuidharau Access. Mimi huwatajia Mosoriot.

Kazi ilipopanuka kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI chini ya mpango wa AMPATH, Access ilielemewa. Mwaka 2004 wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief kule Indiana pamoja na wenzao wa Partners In Health walianza kuandika OpenMRS, programu huria kwa Java juu ya MySQL, na mwaka 2006 ikaanza kazi Eldoret. Juu ya OpenMRS ndipo ilipojengwa KenyaEMR, inayotumika leo katika mamia ya vituo vya afya nchini.

Fungua msimbo wa OpenMRS utakutana tena na herufi DAO, ila sasa zina maana nyingine. Humo si maktaba ya Microsoft, ni mpangilio. Kuna sehemu ya programu inayojua kanuni za hospitali, na chini yake kuna objekti ambazo kazi yake pekee ni kuifikia hifadhidata: PatientDAO inaeleza maombi yanayoweza kutolewa kuhusu mgonjwa, na HibernatePatientDAO inayatekeleza kwa kutumia Hibernate, maktaba iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Sehemu ya juu haijui SQL. Ikitaka mgonjwa, inaomba mgonjwa.

Kwa daktari aliyeketi na mgonjwa mmoja, mpangilio huu ni mzuri sana. Lakini OpenMRS huweka kila kipimo, kila jibu, kila dalili kama safu yake peke yake katika jedwali moja refu. Uzito ni safu, joto ni safu. Wizara inapotaka ripoti ya wagonjwa wote wa kituo, kuzichukua safu hizo kwa Hibernate, kila moja igeuzwe objekti ya Java, ni kuiua seva. Kwa hiyo KenyaEMR ina majedwali mengine bapa, yanayojazwa mara kwa mara kutoka yale ya msingi, na ripoti huulizwa humo kwa SQL ya moja kwa moja. Mfumo mmoja, njia mbili. Sijawahi kuona sababu ya kuwa na uaminifu wa kimadhehebu kwa mojawapo.

Turudi Thika, tupande kwenye miinuko ya Gatanga au Gatundu ambako wakulima huleta kahawa mbivu kiwandani mwa ushirika. Tuseme ushirika una wanachama 1,200. Kila anayeleta hupimiwa kilo na kupewa risiti. Msimu mkubwa, Oktoba hadi Desemba, mtu mmoja anaweza kuleta mara nyingi. Sasa katibu anataka orodha: kila mwanachama na jumla ya kilo zake.

Kijana aliyezoea kufanya kazi na objekti ataandika mistari inayosomeka vizuri. Lete wanachama wote. Kwa kila mwanachama, lete mizigo yake, jumlisha. Asichokiona ni kwamba maktaba yake imeuliza swali moja la wanachama, kisha maswali mengine 1,200, moja kwa kila mtu. Ni mwenye kibanda cha mboga Ruiru anayepanda matatu mpaka Marikiti, ananunua nyanya moja, anarudi, halafu anapanda tena. Kwenye kompyuta yake haoni tatizo, maana hifadhidata iko humo humo. Tuseme kila safari inachukua milisekunde moja: sekunde moja na kitu, orodha imetoka. Akipeleka programu kwenye seva ya kukodi iliyoko Ulaya na hifadhidata ikabaki Thika, au kinyume chake, safari moja inaweza kuwa milisekunde 150. Mara 1,200, hizo ni dakika tatu. Katibu ameshabonyeza kitufe mara ya pili na ya tatu.

Umbali huu umekuwa hesabu ya kweli kwa Wakenya. M-Pesa yenyewe iliendeshwa na seva zilizokuwa Ujerumani mpaka zilipohamishiwa nchini mwaka 2015. Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS zilizofika mwaka 2009, zilipunguza safari. Hazikuiondoa, kwa sababu mwanga nao una mwendo wake.

Swali la katibu kwa kweli ni moja: unganisha jedwali la wanachama na la mizigo, jumlisha kilo kwa kila namba ya mwanachama, leta safu 1,200 zilizokwisha kujumlishwa. Hibernate, Django na Laravel zote zina namna ya kusema hivyo; ni mwandishi tu ambaye hakujua kwamba anapaswa kusema. Mimi hupendekeza kwamba kila anayejifunza maktaba ya aina hii awashe kwanza sehemu inayochapisha SQL yote inayotumwa, aiangalie wiki nzima. Hutamshawishi mtu kwa nadharia, lakini mistari 1,200 inayofanana ikimpita machoni haisahau.

Wakati karani wa mizani yuko bondeni na simu haina mtandao, mizigo inaandikwa kwenye simu yenyewe, ndani ya SQLite, na kutumwa baadaye. Kwa kazi hiyo Google walitoa maktaba ya Room mwaka 2017, na herufi DAO zimetokea mara ya tatu: unaandika orodha ya maswali, unaiwekea alama ya Dao, Room inaandika mengine. Ninachokipenda ni kwamba inayakagua maswali yako wakati programu inajengwa. Ukikosea jina la safu wima unaambiwa ukiwa mezani, na karani wa mizani hakutani na kosa hilo akiwa na foleni ya wakulima mbele yake.

Kuna jozi nyingine ambayo inawasumbua wanaotumia .NET. Tangu mwaka 2002, ADO.NET inakupa DataReader na DataSet. DataReader inasoma safu moja baada ya nyingine kwenda mbele, haibebi mzigo, ina kasi, lakini muunganisho na hifadhidata unabaki wazi mpaka umalize. DataSet inabeba majibu yote nyumbani na kuufunga muunganisho mara moja, kwa gharama ya kumbukumbu ya mashine. Kwa ripoti ndefu inayoandikwa moja kwa moja kwenye faili, chukua DataReader. Kwa orodha fupi ya matawi itakayotumika ukurasa mzima, chukua DataSet au orodha ya kawaida. Hatari ni ile ya katikati: kufungua DataReader, kisha kwa kila safu kufanya kazi ndefu, kama kutuma ujumbe wa simu kwa mwanachama na kusubiri jibu, huku muunganisho umeshikwa.

Miunganisho ina idadi. MySQL isipobadilishwa inakubali 151 kwa wakati mmoja, PostgreSQL 100. HikariCP, bwawa la miunganisho linalotumiwa na programu nyingi za Java, huanza na 10. Siku ya malipo ya kahawa, kumi zikishikwa na ripoti zinazotuma ujumbe, karani wa kumi na moja anayetaka salio la mtu mmoja anasubiri. HikariCP humpa sekunde 30, kisha inamtupia kosa linalosema hakuna muunganisho. Msimamizi huiongeza namba mpaka 50, na kwa siku kadhaa mambo yanatulia, mpaka hifadhidata yenyewe inapoanza kuhema. Ripoti ile ilikuwa isome namba za simu, ifunge muunganisho, ndipo ianze kutuma.